Injini Iliyokunywa Oili Yake Yenyewe

Koku mwanangu,

Nimekutuma kwa jirani ukasukwe nywele, ingawa nywele zako hazikuwa na shida yoyote. Nilitaka nyumba iwe tupu nipate kuandika. Kesho asubuhi gari la Bukoba likikuchukua pale njia panda sitaweza kusema haya. Nitaanza kulia, nawe utaanza kulia, na konda ataanza kutufokea sisi wote.

Mambo ya kila siku sitayaandika. Mama yako mdogo wa Kagondo, utakayekaa kwake, atakuambia ufue lini na urudi saa ngapi, na atakuambia mpaka masikio yachoke. Namfahamu, tumekulia kitanda kimoja kule Maruku. Mimi nina jambo moja tu, na linahusu hicho hicho unachokwenda kusomea chuoni. Uliponiambia umechagua ufundi wa injini nilinyamaza, ukadhani nimechukia. Sikuchukia, niliogopa. Nilijua kwamba muda si mrefu mwalimu wako atasimama mbele ya injini ya dizeli iliyofunguliwa, atasema maneno machache, nawe utaelewa hapo hapo kwamba mama yako hakuwahi kuwa mchawi.

Na ukishaelewa utataka kumpigia simu baba yako mdogo Rwegasira. Usibishe. Anakupenda, amekubeba mabegani tangu baba yako alipofariki, na wewe una moyo laini kama wa marehemu. Utampigia umsaidie. Hiyo simu moja itatupotezea kibanja chetu, nyumba pamoja na migomba yake, Koku. Kwa hiyo soma barua yote kwanza, ndipo ushike simu.

Umesikia habari za mashine yetu ya kusaga? Pale lilipo banda la kuku sasa ndipo ilipokuwa. Tuliinunua mimi na baba yako, lakini kijiji chote cha Ijumbi kiliiita mashine ya baba Koku, na mimi nikakubali. Fundi aliyetoka Bukoba kuifunga alipoifungua kuikagua, alimpa baba yako kiti akae naye wazungumze, mimi akanipa karai la mafuta ya taa nioshe vyuma. Kuosha ni kazi ya mwanamke, si ndiyo? Basi nikaosha. Nikaosha pistoni, ringi zake, valvu mbili, nozo, kile chuma kirefu kinachoshika pistoni, na kila nilichokiosha nilimuuliza fundi kinakaa wapi na kinafanya nini. Alikuwa mtu mwenye maneno mengi, akajibu yote. Wao walipomaliza soda zao, mimi nilikuwa naijua injini.

Nitakuambia nilivyoielewa, halafu mwalimu wako akikuambia tofauti utanisahihisha. Ndani ya silinda pistoni inakwenda mara nne, mbili kushuka na mbili kupanda, kisha inaanza upya. Ikishuka ya kwanza inavuta hewa. Ikipanda inaibana ile hewa. Halafu mafuta yanawaka, yanaisukuma chini kwa nguvu, na hapo tu ndipo kazi inapofanyika. Ikipanda tena inatoa moshi. Katika mara nne, moja tu ndiyo inayosaga mahindi. Zile tatu nyingine zinabebwa na lile gurudumu zito la pembeni, ambalo likishapata mwendo halitaki kusimama.

Petroli na dizeli zinafanana mpaka hapo. Injini ya petroli inavuta hewa na petroli vikiwa vimeshachanganyika, inavibana kidogo, kisha plagi inatoa cheche. Bila cheche hakuna kitu. Chomoa waya wa plagi, imekufa. Dizeli haina plagi. Inavuta hewa peke yake na kuibana sana, sana mno, mpaka hewa yenyewe inakuwa moto. Umeshawahi kujaza baiskeli upepo ukashika pampu kwa chini, ikakuunguza. Ni hivyo hivyo. Hewa ikishafika hapo, nozo inapuliza dizeli laini kama ukungu, na inawaka bila kuwashwa na mtu. Kwa hiyo dizeli huwezi kuizima kwa kuchomoa waya. Unainyima mafuta au unainyima hewa. Hayo uyashike, maana ndiyo yaliyommaliza Rwegasira.

Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mzuri lakini hendeli ilimshinda. Ile injini iliwashwa kwa mkono. Juu yake kulikuwa na kijiti. Ukikiinua kinaiacha valvu wazi, hewa inatoka, gurudumu linakuwa jepesi. Unazungusha hendeli mpaka gurudumu lipate mwendo, kisha unakiachia kwa ghafla, valvu inafunga, hewa inabanwa, injini inawaka. Ukisitasita inawaka kabla pistoni haijafika juu na hendeli inarudi kinyume kwa nguvu zote. Ilimrudi baba yako ikamvunja mkono. Alikuwa ameizungushia kidole gumba. Wewe kidole gumba kiweke upande mmoja na vidole vingine, ili ikirudi iteleze mkononi. Hilo mwanangu ulishike hata kama utayasahau mengine yote.

Tangu siku hiyo niliiwasha mimi. Lakini niliiwasha alfajiri, kabla wateja hawajafika, ili wakifika wamkute baba yako amesimama karibu nayo na kitambaa begani. Mimi nilibadilisha oili, mimi nilifungua nozo ikiziba, mimi nilikaza mkanda. Mchana nilikaa jikoni namenya ndizi. Nilidhani namsitiri mume wangu. Kumbe nilikuwa najichimbia shimo mwenyewe. Kosa langu kubwa katika maisha haya ni hilo, wala si lile watu wanalodhani. Nilifanya kazi kwa kujificha, na nilipohitaji mtu mmoja wa kusema "huyu mama ndiye mwenye mashine," hakukuwa na aliyewahi kuniona.

Baba yako alipofariki, matanga yalipoanuliwa ukoo ulikaa pale nje. Wewe ulikuwa umelala mapajani mwangu. Wazee wakasema marehemu hakuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo musika wake, mrithi wake, ni mdogo wake. Mashine aichukue sasa hivi isije ikaozea kwa mjane, na kibanja tutakizungumza baadaye. Nikasema, "Wazee wangu waitu, mashine ni yangu pia, na ninaijua." Rwegasira akacheka. Wakati huo alikuwa dereva wa teksi mjini, ana miwani ya jua mpaka msibani.

"Shemeji," akasema, "mwanamke anajua nini kuhusu injini? Mimi nimeendesha magari miaka yote. Injini ni injini."

Wazee wakacheka naye. Yule aliyecheka kwa nguvu zaidi bado yupo hai, nawe unamsalimia kila Jumapili kanisani. Endelea kumsalimia.

Vijana waliibeba mashine mchana huo huo wakaifunga kwenye banda lake barabarani. Sikulia mbele yao. Nilikwenda migombani nikalia huko mpaka nikatapika. Nakuandikia hivi usije ukadhani nilikuwa jasiri.

Siku za kwanza kabisa alikivunja kile kijiti cha juu kwa kukivuta vibaya. Baada ya hapo kuiwasha ikawa vita. Walikuwa wanafunga kamba kwenye gurudumu, wanaume watatu wanavuta, wanatukana, wanapumzika, wanavuta tena. Ndiyo maana ikishawaka Rwegasira hakuthubutu kuizima mpaka jioni. Nami nilikuwa nakwenda kusaga pale, kwa sababu hakukuwa na mashine nyingine karibu. Nilipanga foleni na debe langu kichwani, kwenye mashine yangu mwenyewe.

Siku moja nikamwona anapima oili huku injini inazunguka. Alichomoa kile chuma chembamba cha kupimia, akakitazama, akasema oili imepungua, akamimina. Mwanangu, injini ikizunguka oili haiko chini. Imerushwa juu, iko kwenye kuta, inadondoka kila mahali. Ukipima wakati huo utaona pungufu daima, hata kama imejaa. Unazima, unasubiri iteremke, unakifuta kile chuma, unakirudisha, unakitoa tena, ndipo unasoma. Nikafungua mdomo nimwambie. Naapa nilitaka kumwambia. Nikasema, "Shemeji, hiyo oili..." Akanikata mbele ya wanawake wote: "Panga foleni kama wenzako, mama Koku."

Nikapanga foleni. Na kila nilipokwenda kusaga nilimwona akiongeza, nami nikasaga unga wangu nikarudi nyumbani nikiimba.

Oili ikizidi, Koku, krenki, ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, inaichapa mpaka inakuwa povu. Inapenya kwenye ringi, inapita kwenye kitundu cha kupumulia kinachoelekea mdomo wa hewa, inafika kwenye silinda. Kwenye petroli ingelowesha plagi tu, injini ikafa kwa aibu. Lakini dizeli haichagui. Kwake oili ni chakula kama dizeli yenyewe. Inaiwasha, inaongeza mwendo, na kadiri inavyokimbia ndivyo inavyojirushia oili zaidi, na hivyo inakimbia tena zaidi.

Ilikuwa siku ya gulio, watu wamejaa. Nilikuwa na wewe mgongoni. Sauti ikaanza kupanda. Moshi mweupe ukageuka wa bluu ukajaza banda lote. Rwegasira akafunga bomba la dizeli, kama alivyoelekezwa, na injini badala ya kupungua ikapiga yowe. Ndipo nikamwona anapapasa pembeni ya injini kama kipofu, na nikajua anatafuta nini. Alikuwa anatafuta waya wa plagi ili auchomoe. Injini ni injini!

Nikapiga kelele, "Tokeni! Tokeni nje wote!" Wanawake wakatoka na watoto wao, na vijana wa kamba wakawatangulia. Sikutaka mtu aumie, hilo Mungu analijua. Rwegasira naye akatoka, akasimama karibu nami, analia machozi ya moshi au ya kweli sijui.

Pale mlangoni palikuwa na ndoo ya maji na gunia. Ningelilowesha nikalikandamiza kwenye mdomo wa hewa, ingekufa papo hapo kwa kukosa pumzi. Ni kazi ya dakika moja, na mimi tu ndiye niliyeijua katika umati ule wote. Rwegasira akanigeukia. Macho yake yaliniuliza. Nilikunja mikono, nikaitazama injini. Niliitazama ikilia, ikirukaruka kwenye nati zake, ikinywa oili yake yenyewe, mpaka kile chuma cha pistoni kikakatika kikatoboa ubavu wake na kikatokea nje. Kisha kukawa kimya.

Sijawahi kulijutia hilo hata siku moja. Padri aliniuliza kwenye kitubio nikamwambia hivyo hivyo, akanipa malipizi nikayasali, na bado sikujuta.

Jioni ile ile maneno yakaenea. Mama Koku ameitazama mashine ya shemeji yake mpaka ikafa. Ameiua kwa macho. Rwegasira ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema, maana afadhali hilo kuliko kusema hakujua. Ningeweza kusimama kwenye jumuiya ya kanisa nieleze habari ya oili. Sikueleza. Unajua kwa nini? Kwa sababu baada ya mavuno ya kahawa ukoo ulikuwa ukae tena kuzungumza habari ya kibanja, na haukukaa. Mwaka uliofuata haukukaa pia. Hakuna mzee aliyetaka kusimama kwenye migomba yangu akasema nitoke. Ule mdomo wa watu ulinilinda kuliko mahakama yoyote.

Lakini wewe ulilipa. Najua walivyokuita shuleni. Najua ulivyorudi siku ile na sare imechanika ukasema umeanguka. Najua wasichana wawili waliokuwa marafiki zako na mama zao wakawakataza. Hapo tu ndipo ninapoumia, Koku, na hapo tu ndipo ninapokuomba radhi, kwa moyo wangu wote. Ningeweza kukuambia ukweli mapema. Ungeweza kulala na amani. Lakini mtoto huwezi kumkabidhi neno kama hilo akalibeba bila kulitema. Sasa umekuwa mtu mzima.

Rwegasira hakujifunza. Alinunua pikipiki, akapima oili huku inanguruma, akajaza, ikawa inatoa moshi kama tanuri la matofali, plagi ikalowa, ikamfia kwenye mlima wa kuelekea Muleba mjini. Akasema mama Koku. Akanunua injini nyingine ya dizeli, ikaenda njia ya ile ya kwanza. Akasema mama Koku. Akapeleka kuku na kitambaa kwa mganga, mganga akamwambia adui ni mwanamke wa karibu. Hapo nilicheka mpaka nikakaa chini. Umeme ulipofika kijijini watu wakaweka mota, lakini ukikatika watu wanahitaji dizeli, kwa hiyo mwaka huu akanunua nyingine tena, kubwa. Nayo imeshakufa. Ulisikia ule mlio juzijuzi ukaniuliza ni nini, nikakuambia sijui.

Jumapili iliyopita ulipokuwa kwenye kwaya alikuja hapa. Amezeeka. Tangu mashine ile ya kwanza ilipokufa hakuwahi kutia mdomoni kitu cha mkono wangu. Safari hii nilimpa kahawa za kutafuna kama mgeni yeyote, akachukua moja, akaitia mdomoni.

"Shemeji," akasema, "nimechoka. Nifungue waitu."

Nikamuuliza, "Utatoa nini?"

Akasema chochote. Nikamwambia sitaki kuku wala mbuzi. Nataka Krismasi ukoo ukirudi wote, wa Dar, wa Mwanza, wa Bukoba, asimame mbele yao aseme musika wa kaka yake ni Koku, na kibanja ni cha Koku, na mwenyekiti wa kijiji awepo, na watie saini. Akaapa kwa Bikira Maria. Nikamwambia, "Basi ukishafanya, utafunguliwa siku hiyo hiyo." Na sikumdanganya.

Sasa unaelewa kwa nini usimpigie. Akijua leo kwamba hakuna kilichomfunga, Krismasi atakula wali wake na kunyamaza. Najua utamhurumia. Atakupigia kukujulia hali, atakueleza habari za injini yake, na ulimi utakuwasha. Uung'ate. Miezi si mingi.

Mimi pia nimefikiria kumwacha na ujinga wake mpaka kaburini. Kwa muda mrefu hilo ndilo lililonipa usingizi. Lakini siku hizi nimeona kwamba bado anafaidi. Mtu harogwi bure. Ukisema umerogwa, watu wanadhani una kitu cha kuonewa wivu, wanakusogezea kiti, wanakupa pole. Miaka yote hii Rwegasira amepewa pole kwa injini alizoziua kwa mkono wake mwenyewe, na mimi nimekunywa maneno. Hata hiyo pole nataka umnyang'anye.

Kwa hiyo Krismasi mwache amalize kusema. Wazee waitikie, saini zitiwe. Kisha simama, uombe ruhusa kwa adabu, upige magoti kama nilivyokufundisha, umwambie, "Baba mdogo, hukurogwa. Ulikuwa unapima oili bila kuzima injini." Umweleze yote polepole, kuanzia hewa inavyobanwa mpaka chuma kinavyokatika, ili kila mzee pale aelewe, na yule aliyecheka zaidi umweleze mara mbili. Usimtukane mtu. Usicheke. Mimi nitakuwa nimekaa mbele kabisa, namtazama usoni.

Na akiuliza nani amekufundisha, usitaje chuo.

Mama yako